Mtutu mnene haubebi mzigo peke yake

SWALI: Fundi, salamu kutoka Njoro. Marehemu baba aliniachia bunduki ya .458 Winchester Magnum, bodi yake (chuma kinachoshika mtutu na kubeba bolti) ni Mauser 98, na cheti kimeshahamishiwa kwa jina langu. Nimealikwa Tanzania kuwinda nyati, na kila ninayemuuliza ananiambia Winchester ni dhaifu. Kuna fundi wa lethi hapa Nakuru anasema atairefusha chemba, pale risasi inapokaa, ipokee risasi ndefu zaidi ya .458 Lott, kwa siku moja, maana tundu la mtutu ni lilelile na mtutu wenyewe ni mnene. Nimpe kazi?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Na kama bunduki iko kwake tayari, kaichukue leo.

Fundi wako hajakosea kuhusu tundu. Lott na Winchester zinatumia kichwa kilekile cha risasi, na tofauti ya urefu wa maganda ni milimita 7 na nusu hivi: Winchester 63.5, Lott 71.1. Hata kikomo cha shinikizo ni kimoja kwa viwango vya Ulaya, bar 4300. Ndiyo maana kazi hii inaonekana rahisi, na ndiyo maana wengi wanaingia.

Lakini hilo la mtutu mnene limenichosha. Kila anayeniletea bunduki kubwa anaushika mtutu, anaupima kwa vidole, kisha ananiambia utahimili. Baruti ikiwaka haisukumi mbele tu. Inasukuma kitako cha ganda kurudi nyuma, na kwa shinikizo la bar 4300 msukumo huo unapita tani nne. Anayeuzuia usikufikie usoni ni masikio mawili madogo yaliyo mbele ya bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba, pamoja na kingo za chuma ndani ya bodi yanapojifungia. Mtutu ungekuwa mnene kama mguu wa meza, hausaidii hapo hata chembe.

Sasa tazama bunduki yako. Risasi ya Winchester ilipotolewa mwaka 1956 ilifupishwa makusudi iingie kwenye bodi za urefu wa kawaida, kama hiyo Mauser yako. Risasi nzima ya Lott inafika milimita 91, haitaingia kwenye magazini yako. Huyo fundi akishamaliza chemba atagundua hivyo, na atachukua jiwe la kusaga aanze kula chuma cha mbele ya magazini. Chuma hicho ndicho kinachokaa nyuma ya sikio la chini la bolti. Bodi nyingi za zamani za Mauser zina ngozi ngumu juu na chuma laini ndani. Ukisaga ukaivuka ile ngozi, sikio linaanza kuzama kidogokidogo kila unapofyatua. Nafasi kati ya bolti na ganda inaongezeka, ganda linavutika, na siku moja linakatika juu kidogo ya mkanda wake, ule ukingo mnene ulio karibu na kitako cha ganda. Gesi inarudi ulipo wewe.

Dalili zake zinaonekana mapema kwa anayejua kutazama. Bolti inakuwa nzito kuinua. Ganda lililotumika linaonyesha mstari mwembamba unaong'aa kulizunguka, mbele ya mkanda. Ukiingiza waya uliopindwa ncha ndani ya ganda, utahisi mfereji mahali hapohapo.

Mafundi hawa wanaposema wamejaribu, uliza wamejaribu vipi. Utaambiwa waliifunga bunduki kwenye tairi, wakavuta kamba kutoka mbali, haikupasuka. Hicho si kipimo! Nyumba za majaribio ya bunduki za London na Birmingham hufyatua risasi yenye shinikizo la asilimia 25 juu ya kikomo, kisha bunduki inafunguliwa na kukaguliwa kwa geji. Mihuri ya zamani ya majaribio hayo iliyo kwenye mtutu wako haina maana tena chemba ikishabadilishwa. Bunduki ya kwenye tairi inaweza kustahimili risasi ya kwanza na ya kumi, huku masikio yanazama.

Wengine wanazidisha hatari kwa kupaka risasi mafuta ili ziingie vizuri. Ganda kavu hushika kuta za chemba na kubeba sehemu ya msukumo. Likiwa na mafuta linateleza, na mzigo wote unaangukia bolti. Halafu kuna wanaoacha risasi juu ya dashibodi katika jua la Kisumu. Baruti iliyopata joto hupandisha shinikizo; risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda kubwa na shinikizo la chini kwa kuzingatia joto la nchi hizi.

Kuna bodi zinazofaa Lott, kama ya bunduki ya CZ 550 Magnum iliyotengenezwa ndefu tangu mwanzo. Hata hizo si kazi ya mwenye lethi yeyote. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inaacha ukarabati wa bunduki kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, na kaliba iliyoandikwa kwenye cheti lazima ilingane na bunduki iliyo mkononi. Uwindaji hapa kwetu ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo utavuka mpaka na hizo karatasi zikikaguliwa pande zote mbili.

Sifa ya udhaifu wa Winchester ilitokana na risasi za zamani, ambazo baruti iliyoshindiliwa ndani ya ganda fupi iliganda na kuwaka vibaya. Risasi mpya za kiwandani hurusha kichwa cha gramu 32 kwa takriban mita 640 kwa sekunde. Lott hufika 700. Nyati aliyepigwa vizuri begani hazitofautishi, lakini bega lako litazitofautisha, na kitako cha mbao cha zamani pia.

Mpelekee bunduki muuzaji aliyesajiliwa akague masikio ya bolti na nafasi ya ganda kwa geji, atazame kama kitako kina ufa nyuma ya bodi, kisha ununue risasi mpya, za vichwa vigumu visivyotanuka zikiwemo, na uzifanyie mazoezi kwenye uwanja wa shabaha kabla ya safari.