Mliosema tumeenda Ulaya kuoga, hebu sogeeni hapa

Nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wangu wa Arusha. Anasema watoto wamekua, akiba ipo kidogo, na yeye na mumewe wanataka kwenda Ujerumani, wazunguke kwa treni, walale kwenye miji midogo na kuoga maji moto kama alivyoona kwenye picha zangu. Anamalizia: "Mama Zawadi, shikamoo, tuanzie wapi? Na ni kweli watu wanaoga uchi?"

Marahaba mdogo wangu. La uchi nitalifikia, usiruke aya.

Kwanza nitoe la moyoni. Tuliporudi, shemeji yangu wa Tanga alisimama kwenye kikao cha harusi, watu wamejaa, akasema: "Maji ya kiberiti yapo Amboni hapa hapa, hawa wenzetu wameyafuata kwa ndege." Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Lakini shemeji, kama unasoma, na najua unasoma, zile pesa hazikutoka kwako. Zilitoka kwenye mgongo wa kaka yako.

Na nasema mgongo kwa sababu ndio uliotupeleka. Baba Zawadi ameendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote, Dar hadi Tunduma, Tunduma hadi Lubumbashi. Mtu huyo hajui kuwa abiria. Hata kwenye daladala anakanyaga breki hewani. Wazo la treni lilikuwa langu: nilitaka nimwone mume wangu amekaa dirishani hana usukani, hana mzani wa barabarani, hana bosi anayempigia. Mdogo wangu ni nesi Mainz, ndiye aliyetuandikia mwaliko. Basi tukaenda.

Frankfurt nairuka, ni maghorofa na maduka tu. Safari yenyewe inaanzia Mainz.

Kutoka Mainz kwenda Koblenz reli inafuata mto Rhine ukingoni kabisa. Panda treni ya mkoa, ile inayosimama kila mahali, na ukae upande wa kulia. Nasema tena, kulia. Upande wa kushoto utaona milima ya mizabibu na ukuta wa mawe, na huku kulia wenzako wanapiga picha ngome zilizosimama juu ya majabali, moja baada ya nyingine. Kuna moja, Pfalzgrafenstein, imejengwa katikati ya mto kama meli iliyokwama; zamani ilikuwa kituo cha kutoza ushuru wa vyombo vinavyopita. Baba Zawadi alipoelewa hilo ndipo alipochangamka. "Kumbe hata hawa walikuwa na mageti ya ushuru!" Akaanza kumweleza mama wa Kijerumani aliyekaa mbele yetu habari za foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kwa Kiswahili, na yule mama anatikisa kichwa kwa heshima zote.

Tulilala Bacharach. Mji mdogo, nyumba za mbao na lipu nyeupe, barabara ya mawe inayokula visigino. Ukisikia nyumba ya wageni usiwaze zile gesti zetu za pembeni ya stendi zenye taa nyekundu. Hizi ni nyumba za familia: chini ni mgahawa, juu ni vyumba, na anayekuandikisha ndiye anayepika, na asubuhi ndiye anayekuletea yai la kuchemsha limevalishwa kikofia cha kufuma lisipoe. Kitanda ni kimoja lakini maduveti ni mawili, kila mtu na lake. Mimi nilidhani mwenye nyumba ametusoma kwamba tumegombana. Ndivyo wanavyolala, na ukweli ni kwamba ndoa nyingi zingepona kwa duveti la pili.

Chumba tulilipa kati ya euro 90 na 120 na kifungua kinywa ndani yake, kutegemea mji. Hapo hapo nikupe ushauri ambao hautauona kwenye picha za watu: bonde la Rhine lina reli pande zote mbili, na treni za mizigo zinapita usiku kucha. Omba chumba kisichotazama reli. Sisi tulipewa kinachotazama. Mimi sikulala, mwenzangu alikaa dirishani akihesabu mabehewa ya makontena akiniambia ni malori mangapi yangehitajika kubeba mzigo ule.

Kula mapema. Jikoni wanafunga saa tatu usiku, pengine kabla, na wengi wana siku yao ya mapumziko katikati ya wiki ambapo mgahawa haufunguliwi kabisa. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa. Uwe na fedha taslimu pia, maana si kila mahali wanapokea kadi.

Kutoka Koblenz unabadilisha treni kuingia bonde la mto Lahn, na haupiti muda mrefu uko Bad Ems. Mji wowote wenye Bad mbele ya jina ujue una cheti cha serikali cha kuwa mji wa tiba ya maji au hewa. Bad Ems uliwahi kupokea wafalme. Wilhelm, mfalme wa Prusia, dola ya Kijerumani ya zamani, alikuwa mgeni wake wa mara kwa mara wakati wa kiangazi, na pale kwenye njia ya matembezi kando ya mto, tarehe 13 Julai 1870, balozi wa Ufaransa Benedetti alimfuata akidai aahidi kwamba ukoo wake hautakitaka tena kiti cha ufalme wa Hispania. Mfalme akakataa kwa adabu, taarifa ikatumwa Berlin kwa simu ya maandishi, waziri mkuu wake Bismarck akaifupisha ikasomeka kama tusi, na ndani ya wiki moja Ufaransa ikatangaza vita. Leo kuna jiwe mahali pale. Tulikaa karibu nalo tukila aiskrimu. Nikamwambia Baba Zawadi, unaona, ujumbe ukifupishwa na mtu wa tatu unaleta vita. Akajua namsema nani.

Maji ya pale unaweza kuyanywa. Yana uvuguvugu na chumvichumvi. Nilikunywa kwa sababu nimefika, sitakudanganya kwamba ni matamu.

Kwenda Baden-Baden tulikata tiketi ya treni ya kasi ili tuokoe muda. Ikachelewa, tukakosa ya kuunganisha, na matangazo yote ni Kijerumani kitupu huku watu wanahama jukwaa moja kwenda jingine kama wana habari za siri. Tumefika usiku, mapokezi yamefungwa, simu haipokelewi, na mzee wa watu ana mgongo. Tulisimama nje ya mlango ule mpaka mgeni mwingine alipotoka kuvuta sigara ndipo tukaingia. Hiyo nyumba siitaji, Mungu anaiona.

Kwa hiyo shika haya. Kama tiketi yako ni ya bei ya chini, iliyofungwa kwenye treni moja tu, na ikaonekana utafika umechelewa dakika 20 au zaidi, kile kifungo kinaondoka, unaruhusiwa kupanda nyingine ya njia hiyo. Ukichelewa kufika kwa dakika 60 unastahili kurudishiwa robo ya nauli, dakika 120 nusu. Dai, usione haya, wenyewe wanadai. Na piga simu hotelini ukiwa bado ndani ya treni, wakuachie ufunguo. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Ujerumani zilizohesabiwa kufika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, sasa mtu akikwambia Wazungu hawachelewi mpe namba hiyo.

Stesheni ya Baden-Baden yenyewe iko mbali na mji, unapanda basi. Lakini ukishaingia mjini, jamani! Maji yanatoka chini ya kilima yakiwa na joto linalofika digrii 68, yamepikwa na miamba ya chini sana huko ardhini, inabidi yapozwe kabla binadamu hajaingia. Warumi waliyagundua zamani, na magofu ya mabafu yao bado yapo. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka mji huu, pamoja na Bad Ems na Bad Kissingen, kwenye orodha ya urithi wa dunia katika kundi la miji 11 ya maji tiba ya Ulaya.

Sasa la uchi. Ndiyo, ni kweli, lakini si kila mahali. Kuna Friedrichsbad, jengo la mwaka 1877, mabafu yamepangwa kwa vituo 17, unatoka hewa moto unaingia mvuke unaingia maji, na desturi yake ni uchi wa mnyama. Baba Zawadi alisoma maelezo pale mlangoni, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mama Zawadi, mimi nina wajukuu." Tukapiga picha nje tukaondoka. Jirani yake kuna Caracalla, hiyo ni ya kisasa, na kwenye mabwawa watu wanavaa nguo za kuogelea. Ghorofani kwenye sauna ndiko nguo haziruhusiwi, basi wewe usipande ngazi. Dada zangu mnaojistiri, ulizeni kabla ya kulipa ni vazi gani linakubalika. Mlangoni unapewa bangili yenye chipu, ndiyo ufunguo wa kabati lako na ndiyo inayohesabu saa zako, ukizidisha unalipia.

Bwawa la nje ndilo lililonimaliza. Hewa ni ya baridi ya kukata masikio, maji yanakufika shingoni ni ya moto, mvuke unapanda mpaka humwoni mtu wa mbele yako. Baba Zawadi aliegemeza mgongo kwenye bomba la maji yanayosukuma kwa nguvu, akafumba macho. Nilimwita mara ya kwanza, ya pili. Kimya. Nikaogopa. Kumbe amelala, dereva amelala, na mguu wa breki umetulia.

Sitasema maji yamemponya, mimi si daktari. Nasema alilala usiku ule bila kidonge.

Na kwa kuwa nimeahidi kusema kweli, kuna kingine. Katika mojawapo ya mabafu tuliyoingia, mji siutaji, nilikuwa nimekaa kwenye kiti nimejifunga taulo, mama mmoja akanijia, akanikabidhi taulo lake lililolowa chapachapa na kunionyesha chooni kwa kidole, kwamba nikasafishe, akidhani mimi ni mfanya usafi. Nililishika lile taulo. Maji yake yananitiririka kwenye mapaja na mimi sijapata neno. Baba Zawadi ndiye aliyelichukua, akalikunja vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili na kumwonyesha bangili yangu na yake. Yule mama alikuwa mwekundu kama pilipili. Tulibaki bafuni mpaka saa zetu tulizolipia zikaisha zote. Msinyanyuke, wapendwa. Ukinyanyuka ukaenda kulia chumbani, umemwachia bwawa.

Mji ule ule wa Baden-Baden ndiko alikofia Robert Koch, yule daktari maarufu wa Kijerumani, tarehe 27 Mei 1910, alikokwenda kupumzisha moyo. Huyu ndiye aliyekaa visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, akiwapima watu wetu dawa ya malale iitwayo atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Kwa hiyo kuna watu wa upande wetu walioulipia mji huu kwa namna fulani muda mrefu kabla sijazaliwa. Mtu asinishangae nikiwa ndani ya maji.

Kutoka hapo kuna treni ya mkoa isiyohitaji kubadilisha mpaka Triberg, ndani ya Msitu Mweusi. Reli hiyo ilikamilika mwaka 1873, ina mahandaki 39, na inapinda mlimani kiasi kwamba unaona chini ya dirisha pale ulipopita muda si mrefu. Triberg yenyewe ni maporomoko na saa za ndege anayechomoza kuimba. Tulinunua moja ndogo. Vijiji vingi vya huko, ukilipa kodi ya mgeni hotelini unapewa kadi ya kupandia mabasi na treni za eneo hilo bure. Iombe, wengine wanasahau kukupa.

Bajeti: msikimbilie treni za kasi. Kuna tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, kuanzia Januari 2026 ni euro 63 kwa mtu mmoja, unapanda treni zote za mkoa, mabasi na tramu za nchi nzima. Treni za kasi haziingii humo. Inahesabiwa kwa mwezi wa kalenda, kwa hiyo ingieni mwanzoni mwa mwezi, na isimamishe kabla ya tarehe 10, la sivyo wataendelea kukukata. Miji michache, usiku mwingi kila mji. Na kaeni upande wa kulia.

Wanandoa wenzangu, tunajenga mpaka tunazeeka. Tunasomesha, tunachangia harusi, tunachangia misiba, tunaweka mabati kwa wakwe, na siku mtu akitaka kukaa kwenye maji na mumewe anaitwa mbinafsi. Kwani nani aliandika kwamba mapumziko ni ya mabosi? Na msingoje watoto wawalipie. Watoto wana maisha yao.

Haya, viza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000 na iwe halali nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja. Kama mna mwenyeji, aende ofisi ya wageni ya mji wake kuchukua hati ya kuwadhamini, nakala isiyo halisi haipokelewi. Taarifa za benki ziwe za miezi kadhaa na zieleweke. Msijaze pesa za mkopo wiki ya mwisho, wanaona. Wakiwauliza mnakwenda kufanya nini, semeni kuoga.