Simu Sikuizima, Umeme Ulikatika

Shangazi, shikamoo. Na nyie wengine wote, habari za huko.

Nimeambiwa yaliyosemwa kwenye kikao cha familia: kwamba wiki ile Baba alipolazwa nilizima simu ili nikwepe mchango, na kwamba mtu anayelipwa kwa kukaa kando ya moto akiandika hana sababu ya kuchelewesha hela. Ile picha niliyowatumia, ya nyumba iliyozama kwenye theluji hadi madirishani, ndiyo imekuwa ushahidi wa raha zangu. Imeniuma sana. Nawajibu wote kwa pamoja.

Ninakoishi ni shamba, mashariki ya Ziwa Ontario, jimbo la New York. Upepo wa baridi ukivuka ziwa hukuta maji bado yana joto kuliko hewa, unazoa mvuke, ukifika nchi kavu unaumwaga wote uwe theluji. Kwenye miinuko ya Tug Hill, iliyo huku huku mashariki ya ziwa, sehemu za juu hupata zaidi ya mita 5 kwa msimu mmoja. Wingu linaweza kung'ang'ania kijiji kimoja kutwa nzima na cha jirani kina jua. Magari ya kusafisha theluji huanza na barabara kuu. Njia yetu huja mwisho.

Sasa umeme ukatike. Maji yangu yanavutwa kisimani kwa pampu, kwa hiyo hakuna umeme, hakuna maji. Intaneti inaondoka saa hiyo hiyo, na mtandao wa simu nao haukawii kufuata. Najaza theluji kwenye sufuria, nabandika juu ya jiko la kuni. Sufuria iliyojaa pomoni ikiyeyuka, maji yanabaki kule chini kabisa, labda sehemu moja ya kumi. Narudia tena na tena. Ya kunywa nachemsha, ya chooni namwaga hivyo hivyo. Katikati ya hapo nafukua mlango usije ukagoma kufunguka, nafukua na tundu la kutolea moshi la mashine ya kupasha joto, maana likiziba, mashine ikiwaka tena hewa yake ya sumu inarudi ndani. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, watu wanakufa usingizini. Usiku naamka kuchochea kuni. Moto ukizimika, mabomba yanaganda na kupasuka, na hela ya fundi ndiyo hiyo hiyo mnayoisubiri.

Na kuandika? Ninaandika kwa mkono, meza nimeisogeza jikoni kabisa, ubavu mmoja unaungua na mwingine umekufa ganzi. Chaji iliyobaki kwenye kompyuta siigusi, naitunza ili nitume kazi mtandao ukirudi. Mhariri hanilipi kwa kukaa. Ananilipa makala ikimfikia.

Wiki ile makala ilikuwa imeisha, iko mezani. Ujumbe wa mwisho kuingia kabla mtandao haujakata ndio ulionieleza kwamba Baba amelazwa. Basi nikakaa na habari hiyo, nachota theluji, sijui kama bado anapumua. Mimi ndiye niliyeondoka, hilo najua, na silali vizuri kwa sababu yake. Lakini kusema nimemkwepa baba yangu, hapana. Hapo mmenionea.

Kuna aliyeuliza kwa nini sikutembea hadi mjini kutafuta mtandao. Ndugu yangu, Desemba 2022, Buffalo, ambao ni mji mkubwa wa jimbo hili hili, wenye taa na hospitali, dhoruba iliua watu zaidi ya 40 mjini na viunga vyake. Wengine walifia ndani ya magari yaliyonasa, wengine nje, wengine moyo ulisimama wakiondoa theluji kwa beleshi. Upepo ukivuma sana huoni hata mkono wako. Ningetoka, mngechanga kwa msiba mwingine.

Mdogo wangu, wewe unayetaka kuja kwa sababu unasikia huku kuna utulivu wa kuandikia: usije. Kaa huko, andika hapo ulipo na kelele zake zote. Na kama utakuja, maana nakujua kichwa chako, usikubali nyumba ya shamba hata ukipewa bure. Kaa mjini, karibu na watu. Ingawa nikisema kweli, baadhi ya kurasa nilizoandika nikiwa nimefungiwa na theluji ni bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na sitaki kukuficha hilo. Ukija, jifunze kwanza kupanga kuni na kusafisha dohani, maana masizi yakijaa yanashika moto na nyumba inaungua. Na usimtumie mtu yeyote picha ya theluji bila kumweleza kilicho nyuma yake.

Shangazi, michango itoeni kwa zamu, msiningoje mimi kuanzia Desemba hadi Machi. Nikichelewa nitarudisha. Lakini msiache kuniambia mambo ya nyumbani kwa kuogopa kunisumbua, hata mabaya.

Umeme umerudi leo asubuhi, mhariri amelipa, na hela ya dawa za Baba nimeshatuma kwa namba yako, Shangazi. Angalia kwenye simu unijibu mapema. Usiku wametabiri theluji nyingine.