Stopu ya pipsi 20 inapigwa kila mara: pima kwanza oda zako zinazama kiasi gani

Mkuu wa Newala, umesema mfumo wako wa EURUSD (euro kwa dola) kwenye chati uko sawa, ila stopu, ile oda inayokutoa bei ikienda dhidi yako, ya pipsi 20 (pipsi moja ni 0.0001 ya bei) inapigwa halafu bei inageuka kwenda kulekule ulikotaka. Unauliza uipanue au uitoe kabisa. Usiitoe. Mimi niliitoa mwaka tuliouza korosho za mzee, na oda moja ikala theluthi ya akaunti nimelala hapa Shangani. Inaniuma mpaka leo, maana haikuwa hela yangu peke yangu.

Kilichonisaidia ni daftari. Kwa kila oda andika bei uliyoingilia, na bei mbaya kuliko zote iliyofika dhidi yako kabla hujatoka. Tofauti yake ndiyo kina cha kuzama. Mmarekani John Sweeney alikieneza kipimo hiki miaka ya 1990, na hesabu yake ni ya kutoa tu.

Tatizo la majaribio yako ni kwamba uliyafanya stopu ya 20 ikiwepo. Oda iliyokatwa kwenye 20 haiwezi kukuambia kama ingezama 23 ikarudi, au ingezama 90. Rudia kwa bei zilezile za nyuma bila stopu, utoke pale tu kanuni zako za kutoka zinaposema. Nasema majaribio, si akaunti yenye hela.

Zangu zilikuwa oda 140 za chati ya saa moja: 63 za faida, 77 za hasara. Nikazitenga, kwa sababu ukizichanganya huoni kitu. Katika zile 63, 41 hazikuzama zaidi ya pipsi 20, 13 ziliishia kati ya 20 na 25, 6 zikafika mpaka 35, na 3 tu zilipita hapo. Upande wa hasara, 58 zilivuka 35. Kumbe stopu yangu ya 20 ilikuwa inaua oda nzuri 22, na 13 kati yake zilihitaji pipsi 5 tu za kupumua! Mvuvi wa huku akivuta ngalawa pwani haangalii maji ya leo, anaangalia alama ya bamvu. Alama yangu ilikuwa 35.

Ila usiishie kwenye idadi. Baadhi ya zile 58 zingepanda na kufunga kwa hasara ndogo kuliko 35. Jumlisha pipsi zote upya kwa stopu ya 25, 30, 35 na 40, ndipo uamue. Kisha ijaribu kwenye mwaka ambao hukuugusa. Kwangu faida ilipungua mwaka huo, lakini haikufa.

Sasa spredi, yaani tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia, ambayo watu wengi wanaisahau. Chati ya MetaTrader, programu ya kufanyia biashara hii, kwa kawaida inaonyesha bei ya kuuzia, wakati oda ya kuuza inafungwa kwa bei ya kununulia. Kwa hiyo kwenye oda za kuuza chukua ncha ya juu ya utambi wa mshumaa (bei ya juu kabisa ya kipindi kile kwenye chati), uongeze spredi. Ukitumia bei ya kufunga mshumaa utajidanganya. Kuna oda 3 ambazo kwenye chati zilipona, lakini nilipoongeza spredi zilikuwa zimekufa. Zote zilikuwa za saa 6 au saa 7 usiku wetu, soko la New York linapofunga siku na spredi inapanuka. Na kama unaingia katikati ya mshumaa, shuka kwenye chati ya dakika 5, maana huenda ule utambi ulitokea kabla hujaingia.

Kuhusu hela: stopu pana haimaanishi hasara kubwa. Loti (ukubwa wa oda) 0.02 kwa pipsi 20 ni dola 4. Loti 0.01 kwa pipsi 35 ni dola 3.50. Punguza loti, basi.

Na hiyo 35 yangu usiibebe kama ilivyo, wala usiipeleke kwenye dhahabu. Ni ya mfumo wangu.

Ukimaliza, weka hapa kina cha kuzama na matokeo ya kila oda, za kununua kando na za kuuza kando, na useme ni chati ya muda gani. Nitakaa nazo Jumamosi soko likiwa limefungwa.