Kiwanja cha Chanika kisiuzwe kwa digrii ya pili

Mdogo wangu, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema chuo cha huku Uingereza kimekupa nafasi ya uzamili wa usimamizi wa ujenzi, mwaka mmoja, na mjomba yuko tayari kuuza kiwanja cha Chanika ili ulipe ada. Unaniuliza, "Kaka, inalipa au hailipi?" Shangazi naye kadakia kwenye grupu la ukoo kwamba nisikukatishe tamaa, maana mwenyewe nilikwenda. Sawa. Aliyekwenda ndiye mwenye cha kusimulia.

Nianze na pesa, kwa sababu ndizo zinazouza kiwanja. Nilifika Manchester Septemba 2023. Ada yangu ilikuwa pauni 17,500, zaidi ya shilingi milioni 50 kwa wakati ule. Niliikopa Saccos ya kazini na nikauza gari langu, ile Vitz. Mkopo nimemaliza kuulipa mwezi uliopita. Juu ya ada kuna viza, kuna tozo ya afya, sasa ni pauni 776 kwa mwaka na unailipa kabla hujaumwa hata mafua. Kuna na fedha za kujikimu ambazo lazima zikae benki siku 28 mfululizo. Hapo ndipo watu wanapoazima. Siku ya 29 pesa zimerudi kwa mwenyewe, kijana anapanda ndege na pauni 300 mfukoni, nyumbani wanampungia mkono wakidhani kaenda kuvuna.

Kazi utafanya, lakini viza ya mwanafunzi inakupa saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Na usije ukadanganyika na likizo ndefu ya kiangazi: ya digrii ya pili haipo. Juni mpaka Septemba unaandika tasnifu, na kwa hesabu za uhamiaji huo bado ni wakati wa masomo. Majira yale ya baridi kima cha chini kilikuwa pauni 10.42 kwa saa, kwa hiyo wiki nzima naingiza pauni 208. Chumba, jiko na choo tunachangia watu watano, pauni 520 kwa mwezi. Kinachobaki kinaliwa na basi, chakula, simu, na michango, maana ukishavuka bahari kila harusi ya ukoo inakuhusu.

Mnaposema "kubeba boksi" mnacheka. Mimi nimezibeba. Ghala lilikuwa nje ya mji, zamu ya saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kulia kwangu mhandisi wa maji kutoka Lagos, kushoto mwalimu kutoka Kumasi, katikati mimi, mkadiriaji majenzi niliyekuwa napitisha madai ya malipo ya makandarasi, sote tumevaa vizibao vya rangi ya chungwa tunabandika lebo kwenye boksi za chakula cha paka. Asubuhi ile ile nilibadilisha koti, nikasimama mbele ya jengo la chuo, nikampigia mama simu ya video. Ile picha mliyoisambaza kwenye grupu, ya mimi nikitabasamu, ni ya asubuhi hiyo. Sikuwa nimelala.

Sasa masomo yenyewe, na hapa sitayasema vibaya. Kipindi cha pili cha mikataba mwalimu alitupa kisa: fundi wa madirisha kachelewa wiki mbili, wewe ndiye meneja, unafanya nini? Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, mtu wa saiti mimi, miaka sita Dar es Salaam na Dodoma. Nikasema nampigia simu, asipopokea namfuata karakana kwake. Darasa likacheka, si kwa ubaya. Mwalimu akaniuliza, "Halafu umeandika wapi?" Nikanyamaza. Nyumbani nilikuwa naandika, ndiyo, ila mambo yakishaharibika, natafuta pa kujificha.

Miradi mingi ya umma huku inaendeshwa kwa mkataba wa ujenzi uitwao NEC4, na ndani yake kuna kinachoitwa onyo la mapema. Ukiona tu jambo linaloweza kuongeza gharama au kuchelewesha kazi, unamwandikia mwenzako kabla halijatokea, meneja kwa mkandarasi na mkandarasi kwa meneja. Haihesabiwi kuwa barua ya lawama. Mnakaa mezani mnaamua nani afanye nini. Na mkandarasi anayetaka nyongeza kwa jambo ambalo lilikuwa juu yake kulitolea taarifa, akikaa kimya wiki 8 tangu alijue, haki yake mara nyingi imekwenda na maji.

Nilipoyasikia hayo nikaikumbuka barabara moja niliyoifanyia kazi huko kwetu, mkataba wa ujenzi wa kimataifa wa FIDIC, ambao unataka taarifa ya madai ndani ya siku 28. Tulikaa miezi miwili mitambo imesimama tukisubiri nguzo za umeme zihamishwe. Bosi wangu alimweleza mshauri wa mradi kwa mdomo, wakanywa chai, wakaelewana. Barua yetu ilikwenda siku ya hamsini na kitu, na hatukulipwa hata shilingi ya miezi ile miwili. Siku 28 zilikuwa kwenye kitabu kile kile nilichokuwa nawekea kikombe.

Somo jingine lililonikaa ni la Grenfell. Juni 14, 2017 moto ulipanda kwenye ghorofa hilo la London kupitia paneli za kupambia kuta za nje, wakafa watu 72. Uchunguzi ulipofukua nyaraka, kila kampuni ikawa inamsukumia mwenzake: mimi nilidhani yule kakagua, yule anasema alidhani ni mimi. Ndipo ikaja Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022, inayotaka majengo marefu ya makazi yatunziwe kumbukumbu za kidijitali tangu ramani mpaka watu wakiwa wanaishi ndani. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi ilitoka Septemba 4, 2024, siku chache kabla sijakabidhi tasnifu. Nikaandika upya sura nzima. Halafu Novemba 16 mwaka huo huo jengo la Kariakoo likaanguka, nami naliangalia kwenye simu nikiwa ndani ya basi, nikikumbuka lile la ghorofa 16 lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013, na wale 36 waliokufa. Nilitaka kumpigia mtu simu nimuulize karatasi za jengo lile ziko wapi. Sikujua nimpigie nani.

(Kwa faida ya mama: alama 64 huku si kufeli. Kufaulu ni 50, na ukigusa 70 umefanya vizuri sana. Mweleze, maana tangu nimtajie matokeo ananiombea.)

Tatizo linaanza ukishavaa joho. Viza ya wahitimu niliyopewa ni ya miaka 2, na yangu inaisha Desemba. Wewe ukija Septemba utamaliza 2027, na anayeiomba kuanzia Januari 1, 2027 anapewa miezi 18. Ndani ya muda huo umpate mwajiri wa kukudhamini upate viza ya kazi. Mshahara wa kukudhamini kwa kawaida uanzie pauni 41,700 kwa mwaka, na kwa mhitimu mpya kuna nafuu inayoshuka mpaka 33,400. Nafasi nilizoitwa mimi zilikuwa za 27,000 au 28,000. Niliandika maombi zaidi ya 90. Kila usaili swali lilikuwa moja: umefanya mradi gani hapa Uingereza? Dodoma yangu walikuwa wanaisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za wajukuu wa mwenzake.

Saiti nyingi za huku huingii bila kadi ya CSCS, inayoonyesha umefunzwa kazi na usalama. Nikafanya kozi fupi ya usalama na mtihani wa kompyuta, nikapewa kadi ya kijani, ya kibarua. Digrii mbili, kadi ya kibarua. Miezi mitano nilifagia ngazi na kupandisha jipsamu ghorofa ya sita. Siku moja meneja alinikuta nimesimama mbele ya ratiba ya mradi iliyotolewa kwa programu ya Primavera, imebandikwa ukutani, akaniuliza unaangalia nini. Nikamwambia lifti ya mizigo inaondolewa wiki moja kabla jipsamu ya juu haijaisha. Akaangalia, akaondoka bila kusema neno, kesho yake akaniita ofisini. Ndiyo kazi niliyonayo sasa, kutunza nyaraka za mradi: ramani ipi ni ya mwisho, nani kaipokea, lini. Naipenda. Lakini mshahara wake haufiki pa kudhaminiwa, na Desemba nafunga mizigo.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hapana, si kwa kiwanja na si mwaka huu. Umemaliza Chuo Kikuu Ardhi mwaka na nusu uliopita, hujawahi kufunga hesabu ya mradi hata mmoja. Mimi nilikuja na miaka sita, na bado nusu ya thamani ya darasa lile ilikuwa ni makosa niliyokwisha kuyafanya nyumbani. Usipokuwa nayo, utasoma onyo la mapema kama unavyosoma sheria za mpira bila kuucheza. Na usidhani uzamili utakupa muhuri wa bodi ya usajili wa wataalamu. Huo unautafuta hapo hapo, kwa mafunzo ya kazini na mitihani yao.

Waandikie chuo uombe kuahirisha. Ukifikisha miaka miwili ya kazi omba Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, dirisha lao hufunguliwa Agosti: wanalipa ada, tiketi na posho, kwa sharti la kurudi nyumbani angalau miaka miwili. Wengi sharti hilo linawakimbiza. Mimi ningelipewa 2023, leo ningekuwa na Vitz yangu. Na kama ni elimu tu unayoitaka, Ardhi wenyewe wana uzamili wa uchumi na usimamizi wa ujenzi, utasoma huku unalipwa mshahara.

Hati mrudishie mjomba aiweke kabatini. Kesho ukitoka saiti pitia dukani ununue kaunta buku. Kila jioni andika mvua ilianza saa ngapi na ikakatika saa ngapi, zege limeingia lori ngapi, nani alikuagiza nini na mlikuwa mmesimama wapi. Ukifika ukurasa wa kumi zipige picha unitumie.