Jibu: Kujinunulia tiketi na hoteli ya Istanbul, pesa inalindwa na nani?

Ndugu yangu wa Ujiji, ukijipangia safari mwenyewe mlinzi wako mkubwa ni kadi. Lipia kwa Visa au Mastercard. Huduma isipotolewa, unaiomba benki yako ifungue madai ya kurudishiwa pesa. Madai hayo yana muda wake, kwa hiyo usikae ukila ahadi za "kesho".

Kumtumia mtu binafsi pesa kwa simu, hapo umetoa sadaka. Mimi yalinikuta. Namba ya buking niliiona kabisa kwenye tovuti ya shirika la ndege, nikalala usingizi. Kumbe namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13, haikuwepo: jamaa niliyemtumia pesa alishika nafasi tu, hakulipia tiketi.

ATOL uliyoisikia, ule mpango wa kulinda pesa za wasafiri, ni ya Uingereza, inahusu safari za ndege zinazouzwa huko. Sisi wa Kigoma hatumo.

Halafu Kigoma–Dar na Dar–Istanbul zikiwa tiketi mbili mbalimbali, ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe. Nunua tiketi moja, au ulale Dar usiku mmoja. Hoteli chukua ya kulipa ukifika.