Mtoto akibaki bila wazazi, anzeni na ndugu zake kwanza

Hapa Kisumu naulizwa sana hii swali: kuna mtoto kwa ploti amebaki peke yake, tumpeleke makao gani ya watoto? Jamani, msianze na makao. Watoto wengi walioko huko wana mzazi ama ndugu aliye hai, ni umaskini na ugonjwa ndio umewatenganisha, na unapata nyanya yuko Siaya na hakuna mtu amewahi kumpigia ata simu. Serikali yenyewe ilisimamisha usajili wa makao mapya 2017, na mpango wake wa 2022 hadi 2032 ni kurudisha watoto kwa familia.

Mimi nalea mtoto wa binamu yangu, mamake alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Kabla aje kwangu alikuwa amezungushwa kwa watu, huyu anakaa naye wiki, yule mwezi, so kila asubuhi alikuwa anakunja nguo zake zote anarudisha kwa begi, ukimwambia weka kwa kabati anakuuliza, si nitaenda tena? Sikumlazimisha, nilimwachia tu rafu yake, siku moja nikapata soksi hapo, baadaye yunifomu, begi ikakaa hapo chini ya kitanda tu. Ukichukua mtoto jua hiyo kitu inachukua muda, na usiwahi kumtisha ati utamrudisha, ata akikukasirisha aje.

Halafu karatasi. Kwetu watu wanaona haya kupeleka mambo ya mtoto wa ndugu kwa ofisi lakini nendeni tu, kwa chifu halafu kwa afisa wa watoto wa sub-kaunti, mkiwa na cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha mzazi, mkiulizia vile mtapewa ulezi na korti. Bila hiyo, siku mtu wa ukoo atakuja kumchukua ju ya shamba la marehemu utaongea na nini? Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua mtoto kulelewa na ndugu, malezi ya kambo (foster care, familia nyingine inamlea kwa muda), kuasili (adoption), na kafala kwa Waislamu (kumlea mtoto kulingana na dini yao), kwa hivyo ata ndugu wakikosekana kabisa bado kuna familia.

Mtoto umemwokota tu barabarani? Usimfiche kwako ukidhani unamsaidia, kuna mama anamtafuta pengine. Ripoti polisi upewe namba ya OB (kile kitabu cha ripoti cha kituo), ama piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, usiku na mchana.

Na nyinyi mnaobebaga unga na mafuta mkipeleka makao kila Krismasi, ulizeni chifu ni nyanya gani analea wajukuu hapo kwenu, mpeleke kwake, na si Disemba peke yake.