Kabla Fundi Hajapiga Windo, Uliza Kilichobadilika

Hapa Mtwara, kompyuta mpakato ikianza kuganda, kujizima au kuleta maandishi ya kosa, jibu karibu kila mahali ni moja: piga windo, yaani futa na usakinishe Windows upya. Zunguka maduka ya karibu na Soko Kuu, utaambiwa hivyo hata kabla mashine haijawashwa. Mimi nami ni mtu wa kazi hizi, na sikatai kwamba windo mpya hutibu mengi. Ninachokataa ni kuanza nayo. Ukishapiga windo umefuta ushahidi wote, na kama chanzo kilikuwa RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) iliyolegea, au programu ambayo utairudisha jioni ile ile, kosa litarudi na fundi utamlipa tena.

Swali langu la kwanza kwa mteja ni: kabla hii haijaanza, kulibadilika nini? Wengi husema hamna kitu. Hawadanganyi, wamesahau tu. Bahati nzuri Windows yenyewe haisahau. Andika neno reliability kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue View reliability history. Itakuja chati ya siku kwa siku. Siku zenye makosa zina alama nyekundu ya X, na ukibonyeza siku unaonyeshwa pia programu zilizosakinishwa na masasisho yaliyoingia. Tafuta X ya kwanza, kisha tazama siku hiyo na zile zilizotangulia. Sijui kwa nini mafundi wengi hawaifungui chati hii, maana iko bure na haihitaji bando.

Msimu wa korosho ndio unaonifundisha zaidi. Makatibu wa vyama vya msingi wanaleta mashine zao huku minada ikiwa imepamba moto. Mmoja alitoka Tandahimba na mashine inayoganda kila anapochomeka flashi. "Kaka, we piga windo tu, kesho nina hesabu za wakulima," akaniambia. Hesabu zenyewe zilikuwa ndani ya mashine hiyo hiyo, na nakala hakuna. Nikafungua chati: makosa yalianza pale ilipoingia kinga ya pili ya virusi. Kumbe flashi ilikuwa imeshika vile virusi vinavyogeuza mafaili yote kuwa shotikati, na kijana wa duka la steshenari akamwongezea kinga nyingine juu ya ile aliyokuwa nayo.

Kinga mbili hazijumlishi ulinzi. Kila moja hupachika draiva yake (programu ndogo inayofanya kazi chini kwa chini) ndani kabisa ya mfumo ili ikague faili kila linapofunguliwa. Faili moja linapoguswa, zote mbili zinalidaka, moja inaingoja nyingine, na mashine inasimama kama malori mawili yaliyokutana kwenye daraja jembamba. Ikizidi inaangusha skrini ya bluu. Defender ya Windows kwa kawaida hujiweka pembeni ukiingiza kinga nyingine, lakini kinga mbili za nje hazina adabu hiyo. Tuliondoa moja tukiwa ndani ya Safe Mode, hali ambayo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, kwa kifaa cha kuondolea kinachotolewa na watengenezaji wake, kwa sababu uondoaji wa kawaida mara nyingi huacha mabaki ya draiva. Hesabu za wakulima hazikuguswa.

Anayedhani mambo haya ni ya mashine kuukuu za kusini akumbuke tarehe 19 Julai 2024. Sasisho moja lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft. Ndege zikakwama, hospitali zikayumba. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja. Haikuhitajika windo mpya.

Kuingia Safe Mode ni rahisi: shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza Restart, kisha pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, na mashine ikijiwasha bonyeza 4. Lakini tahadhari. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, kwa hiyo uutafute mapema kwenye simu.

Mashine ikitulia ndani ya Safe Mode, mshukiwa wako ni draiva au programu ya nje. Hapo mimi hutumia msconfig, ambayo unaifungua kwa kuandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwenye Services weka kwanza tiki kwenye Hide all Microsoft services. Usiruke hatua hii, la sivyo unaweza kuzima huduma ambazo Windows inazitegemea. Zima zilizobaki, uwashe upya. Kosa likipotea, rudisha nusu ya huduma. Likirudi, mkorofi yuko kwenye nusu hiyo. Lisiporudi, yuko kwenye nusu nyingine. Huduma zikiwa 16, mizunguko minne inatosha kumpata.

Maandishi ya kosa yapige picha kwa simu, hata kama huyaelewi. Skrini ya bluu (kwenye Windows 11 ya karibuni imegeuzwa nyeusi) huandika sababu kwa kifupi. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara nyingi ni draiva. MEMORY_MANAGEMENT inanipeleka kwenye RAM: naichomoa, nasafisha, naichomeka upya, kisha naipima kwa mdsched, kipimo cha RAM cha Windows yenyewe. Kosa la kukosekana kwa VCRUNTIME140.dll halihitaji kuhangaika kabisa. Sakinisha Visual C++ Redistributable kutoka tovuti ya Microsoft. Usipakue faili hilo peke yake kwenye tovuti za ajabu ajabu, maana huko ndiko virusi vinakokaa. Na zile programu za kukraki windo, ambazo hukuagiza uzime kinga ndipo zifanye kazi, sina hamu ya kuzizungumzia. Ukizikuta ndani ya mashine iliyougua, anza nazo.

Halafu kuna umeme. Gesi inachimbwa hapa hapa Mnazi Bay, lakini umeme ukiamua kukatika unakatika. Mashine yenye betri iliyokufa, ikikatikiwa katikati ya sasisho, inabaki na mafaili ya mfumo nusunusu. Hapo fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza ufuate na sfc /scannow. Ya kwanza huvuta mafaili mazima kutoka Microsoft, kwa hiyo bando liwepo. Mimi huiendesha usiku, bando likiwa nafuu.

Tofautisha lakini na mashine inayozimika ghafla bila neno. Ukiingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta Kernel-Power namba 41, na watu hulishikilia hilo kana kwamba ndilo jibu. Linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Kwa joto letu, angalia feni na vumbi kwanza, kisha chaja. Ukikuta tukio la disk namba 7, hiyo ni sehemu mbovu ya diski: acha kila kitu, hamisha mafaili kwanza. Usiikimbilie chkdsk, amri ya kukagua na kurekebisha diski, kwa sababu inaisumbua diski ambayo tayari inakata roho.

Kuna mashine ambazo kweli zinastahili windo mpya: virusi vimeshaingia ndani ya mfumo, au DISM imeshindwa kabisa. Pia zipo za Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini nyingi ya hizo mitumba zilizojaa huku haziingii rasmi Windows 11, kwa kuwa zinakosa TPM 2.0 (chipu ya usalama) au zina prosesa ya zamani. Fundi akikuahidi kuipandisha, muulize kwanza atapitia njia gani.

Na mkikubaliana apige windo, mwambie aweke draiva ya Wi-Fi kwenye flashi kabla hajaanza. Windo mpya wakati mwingine haiitambui kadi ya Wi-Fi, na bila intaneti hakuna pa kuipakulia. Nimeona watu wakirudi Newala na mashine safi isiyoweza kushika mtandao, na nauli ya kurudi mjini ni juu yao.